Siku Tutafika Lilipowasha Taa Mchana

Kaka yangu Gosbert ana kichwa kigumu, na ninalisema hili akiwa mzima na masikio yake yanasikia. Watu wa Ifakara wakianza kumsifia eti ndiye baba wa usafiri wa huku pembezoni, mimi huwaacha wamalize kwanza, halafu nasema yangu. Nimekuwa konda wake tangu kichwani sina mvi hata moja. Hakuna anayelijua basi lile kunishinda, na hakuna aliyegombana na mwenyewe kunishinda.

Kampuni ilianza na Landrova. Aliikuta imelala nyuma ya karakana, kuku wanatagia ndani, akainunua. Siku ilipovutwa mpaka uani, mkewe, wifi yangu, Mungu amrehemu, alilia kama kafiwa. Gosbert akaifungua yote, akaisuka upya, akaitengenezea mabenchi ya mbao nyuma, akamwita Valentino mchora vibao aandike jina ubavuni. Valentino akauliza aandike nini. Kaka akasema, andika Tutafika. Tulipoingia nayo Mofu mara ya kwanza watu wakalisoma lile jina, wakauliza, "Lini?"

Swali hilo tumeulizwa kila masika. Masika njia ya Mofu ilikuwa jaruba tu, tofauti ni kwamba hatukupanda mpunga. Abiria walishuka, wakakunja suruali, wakasukuma, wakapanda, wakashuka tena. Niliwahi kupoteza kiatu kwenye matope yale na mpaka leo hakijaonekana. Lakini tulifika, hilo hakuna wa kutunyang'anya.

Baada ya Landrova likaja basi la DCM, baada ya DCM ikaja Kosta, na kuna kipindi tulikuwa na magari matatu barabarani, yote yakiitwa Tutafika. Moja lilizunguka mjini, Kibaoni, Lipangalala, Viwanja Sitini, likibeba wanafunzi na akina mama wa sokoni. La pili lilikwenda Mang'ula kupokea abiria wa treni. La tatu, la Namawala na Mofu, Gosbert hakumpa dereva yeyote. Kwetu ni Mofu, wazazi wetu wamelala kule, na yeye alikuwa akisema njia ya kwenda kwa mama humwachii mtu wa kuajiriwa.

Tumebeba vitu, wewe. Mchele, kambale wa kubanika, mabati, bibi harusi aliyetapikia zawadi zake mwenyewe. Tulibeba vijana wa utafiti wa malaria, waliokuwa wakishuka Namawala na vikombe vyenye mbu hai, wamevifunika kwa kipande cha chandarua. Siku kikombe kimoja kilipofunguka, abiria wote walikimbilia mbele kwa dereva. Nikamwambia yule kijana awakamate mbu wake wote, maana hao ni abiria wa Namawala na hakuna atakayepitilizwa. Sikuwa natania.

Halafu wakaja Wasukuma na ng'ombe wao. Mimi ndiye niliyekataa madumu yao ya maziwa, harufu ilinishinda. Gosbert akashuka, akayapakia kwa mikono yake mwenyewe, nami nikamnunia mpaka tunaingia Ifakara. Mwenye madumu alikuwa Nkwabi. Baadaye mkewe Mbuke aliposhikwa na uchungu mvua ikinyesha, bodaboda wote wamekataa kuingia kule porini, ni Tutafika lililomfuata. Toka siku hiyo Nkwabi alinisalimia kama dada yake, na mimi nikajizoesha harufu ya maziwa.

Lakini kilichotutofautisha na magari mengine yote ni namna tulivyobeba maiti. Mtu wa Mofu akifia mjini, tulimrudisha sisi. Mara ya kwanza ndugu wa marehemu walimwambia Gosbert akimbize ili wazike mapema. Akawajibu, "Huyu anapita hapa mara ya mwisho. Nimkimbize aende wapi?" Akawasha taa mchana kweupe, akazima redio, akaenda mwendo wa baiskeli, ili walioko mashambani wamwone mwenzao akipita. Ikawa desturi. Tutafika likionekana linakuja taratibu na taa zinawaka, aliyeinama kwenye mpunga huinuka, mwenye kofia huivua, na hakuna anayelisimamisha. Hata wifi tulimrudisha hivyo hivyo. Gosbert ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

Basi, dunia haikai mahali pamoja. Bajaji zikaingia mjini zikatunyang'anya wanafunzi. Lami ikaja, na mabasi makubwa yakaja nayo, la Mang'ula likabaki kubeba upepo mpaka injini yake ikafa. Tukabaki na Kosta ya Mofu peke yake. Halafu macho ya kaka yakaanza kuingia ukungu. Siku alipokipigia honi kichuguu, akidhani ni ng'ombe wa Nkwabi, na kukitukana kwa kutopisha njia, nikamwambia sasa inatosha, kesho unakwenda kwa daktari hata kama ni kwa kubebwa.

Daktari akasema ni mtoto wa jicho, atafanyiwa operesheni jicho moja kwanza, na asishike usukani mpaka atakapoambiwa. Gosbert akarudi nyumbani, akakaa kibarazani, akaamua mambo yake peke yake kama kawaida yake. Akaamua kuuza basi.

Hapo ndipo linapoingia jambo la Bibiana. Bibiana ni binti yake wa mwisho. Kaka zake wako Dodoma na Dar es Salaam, wanakaa kwenye viti vya kuzunguka, na kila wakipiga simu wanasema uza tu baba, upumzike. Bibiana alisomea udereva, ana leseni ya kubeba abiria, na alikuwa akiendesha malori ya miwa kwenye mashamba ya sukari. Macho ya baba yake yalipoharibika akaacha kazi, akarudi. Jioni moja tukipepeta mchele akaniambia, "Shangazi, mimi sitaki nyumba wala shamba. Nataka lile basi na njia ile. Baba akiliuza, sina cha kukaa hapa."

Nilimpelekea Gosbert maneno hayo. Akasema, "Abiria wangu hawatapanda. Njia ya Mofu imezoea wanaume waliozama kwenye matope yake."

"Na mimi niliyezama nao nilikuwa nani?"

"Wewe ulikuwa konda."

Usiku ule alikula ugali mkavu, na hakuthubutu kuuliza mboga iko wapi.

Tatizo ni kwamba alikuwa ameshatoa neno. Kulikuwa na bwana mmoja, Elineema, Mpare anayefanya kazi kule kwenye miwa, mtu mstaarabu, alitaka gari la kubebea wafanyakazi wenzake. Walishaelewana, wakapeana mkono, na Jumamosi angekuja kulichukua. Kaka yangu akishampa mtu neno, hata umlilie mpaka uishiwe machozi harudi nyuma. Bibiana akapiga magoti mbele yake. Akaomba aendeshe safari moja tu kabla Elineema hajaja, wajionee wenyewe kama watu watakataa.

Gosbert alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni, kitambaa cheupe kimemfunika jicho. "Alhamisi," akasema. "Nenda Mofu, urudi. Likijaa, nitajua la kumwambia Elineema. Ukirudi na basi tupu, nisisikie tena habari hii ndani ya nyumba hii. Na usilikwaruze, ni mali ya watu."

Sasa sikiliza balaa la Alhamisi. Mimi niliamka na jino. Shavu limevimba, kichwa kinagonga, mdomo haufunguki. Nikajifunga kanga kuanzia kidevuni mpaka utosini na kwenda hivyo hivyo, maana nilijua mtoto yule akienda bila mimi hatakuwa na wa kumtetea. Badala ya kuning'inia mlangoni nikiita abiria, nikakaa mbele kiti cha pembeni ya dereva, kimya. Watu wanaonijua wanajua kwamba mimi kukaa kimya si jambo la kawaida.

Stendi abiria wengi walikimbilia zile gari ndogo za Noah. Tulipata akina mama wachache wa jumuiya, wamevaa sare zao za kanisani, wanakwenda Mofu kumtembelea mwenzao. Walipanda kabla hawajamwona dereva. Bibiana alipoingia akakaa kwenye usukani, wakatazamana, kisha mmoja mmoja akatoa rozari. Nilitaka kuwaambia maneno, lakini jino lilinirudisha.

Manyunyu yalianza tulipotoka mjini. Bibiana akawasha taa, kama walivyofundishwa chuoni. Na akaenda taratibu, kwa sababu baba yake alikuwa amemtisha na habari za mikwaruzo. Baadaye manyunyu yakakatika, jua likatoka zuri kabisa, taa zikabaki zinawaka. Yeye alikuwa na hofu hata hakukumbuka. Mimi nilikuwa na jino.

Mtu wa kwanza tuliyemkuta njiani alikuwa na begi na debe la mafuta, abiria kamili. Tulipomkaribia akaweka debe chini, akavua kofia. Bibiana akasimama. Yule bwana akatikisa kichwa, akaweka mkono kifuani, akatupungia tuendelee.

"Kumbe baba alisema kweli," Bibiana akasema polepole.

Tukaendelea. Kwenye majaruba watu waliinuka, wakasimama wakatutazama, majembe yameegemea mabega. Hakuna aliyeinua mkono. Kundi la ng'ombe likaondolewa barabarani haraka, yule mchungaji akavua kofia yake pana. Nikasema moyoni, haya makubwa, Wasukuma hawajawahi kutupisha tangu waje bonde hili, leo kumwona mwanamke kwenye usukani wamekimbiza hata ng'ombe. Bodaboda mmoja akatufikia kwa nyuma, akatupita bila honi, akageuka kututazama, kisha akaondoka mbio kuelekea Mofu.

Namawala ndipo moyo ulipokatika. Kituo cha Namawala watu hugombea mlango mpaka mimi huwapiga vidole. Siku ile walijaa, lakini walisimama mbali wamenyamaza, na mwanamke mmoja alijiziba mdomo kwa kanga. Bibiana akafungua mlango. Hakuna aliyesogea.

"Hampandi?" akauliza.

Mzee Theodori, ambaye amepanda basi letu tangu enzi za Landrova, akasogea mpaka dirishani akasema, "Nendeni tu, mwanangu. Sisi tutakuja wenyewe."

Niliwaka, jamani. Theodori huyu huyu ambaye tulimpeleka hospitali na nyoka aliyemuuma yuko kwenye kapu ili daktari amwone. Nikafungua mdomo nimwambie shukrani zake ziko wapi, jino likanichoma mpaka machozi yakanitoka, nikaishia kumtikisia ngumi. Akainamisha kichwa. Watu wote wa Namawala wakainamisha vichwa. Nyuma akina mama wa jumuiya wakaanza fungu lingine la rozari, maana barabara ya mbele ina mashimo.

Kutoka hapo mpaka Mofu Bibiana aliendesha akilia. Alishika usukani kwa mikono miwili, machozi yanateremka mpaka kidevuni, hakuyafuta. "Si wangesema tu," akaniambia. "Shangazi, hawa wote wamenibeba mgongoni." Nikamwekea mkono begani. Namwambia mtu yeyote, siku ile niliwachukia watu wa njia yangu.

Tulipoingia Mofu tukasikia kilio. Tukapinda kona ya kwetu, tukakuta uwanja wa nyumba yetu umefagiliwa, mabenchi yamepangwa, masufuria ya ubwabwa yako motoni, watu wamejaa mpaka barabarani. Nikateremka huku nimeanza kulia. Msiba ukiukuta kwenu unalia kwanza, kuuliza baadaye. Wanawake wakanidaka, wakanikumbatia, "Pole Stefania, pole mdogo wetu." Nikajaribu kuuliza ni nani, lakini kwa mdomo ule hakuna aliyenielewa, wakazidi kuniambia nijikaze.

Nkwabi akaja moja kwa moja kwa Bibiana, fimbo kwapani. Alikuwa amekuja na mbuzi. Akamshika mikono yote miwili, akamwambia mbele ya watu, "Ng'wanawane, jikaze mwanangu. Baba yako katuendesha miaka yote. Sasa wewe ndiye dereva wetu. Usiliuze basi. Tumezungumza hapa wote, tutapanda na wewe." Na watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo, usituache.

Bibiana akamtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Mbona njia nzima mmekataa kupanda?"

"Tungepandaje, na mzee yumo ndani?"

Wanaume walikuwa wameshafungua mlango wa nyuma ili washushe jeneza. Wakakuta magunia ya chumvi na mabati. Mmoja akachungulia chini ya viti. Akina mama wa jumuiya wakainua miguu.

"Yuko wapi?" wakauliza.

"Nani?"

"Mzee Gosbert."

Nikajishikiza kwenye mlango wa basi. Maana sikufikiria kwamba wamekosea. Nilifikiria wao wamepata habari na sisi hatujazipata, kwamba tumemwacha asubuhi kibarazani na nyuma yetu ameondoka, na mimi nilikuwa nimemuaga kwa kumgombeza kuhusu dawa zake. Bibiana akatoa simu akampigia baba yake. Inatumika. Akapiga tena, inatumika. Uwanja mzima ukatusogelea, hata waliokuwa wanalia. Akapiga tena, ikaita, ikapokelewa, na sauti ya kaka yangu ikatoka humo kwa hasira mpaka tulioko pembeni tukaisikia.

"Kama unapiga kunipa pole, mimi ndiye marehemu mwenyewe. Nani tena?"

Bibiana akateleza chini pembeni ya tairi, akakaa kwenye vumbi, akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilimshukuru Mungu kwa sauti, jino au si jino. Mzee mmoja akaonyesha mbele ya basi kwa kidole, na sote tukageuka kuzitazama zile taa, bado zinawaka mchana wa jua kali. Hapo ndipo tulipoelewa. Taa, mwendo, binti yake kwenye usukani analia, mimi kimya nimejifunga kanga, akina mama wa sare na rozari, na yeye mwenyewe inajulikana yuko kwa madaktari. Hata mimi ningevua kofia.

Gosbert alikuja mwenyewe. Alipanda bodaboda ya Venance, jirani yetu, akaja njia yote na kitambaa chake jichoni, akishuhudiwa na watu walewale wa Namawala, ambao sasa walikuwa wanakuja msibani kwa baiskeli na miguu kama walivyoahidi. Theodori akaniambia kwamba alipopitwa na marehemu kwenye pikipiki ilibidi akae chini kwanza.

Alipofika watu walishangilia, wanawake wakapiga vigelegele, yeye akawakatisha. Akataka kuonyeshwa kaburi. Walikuwa wameshachimba nusu, ubavuni mwa mama. Akasimama ukingoni akalipima kwa jicho moja.

"Nani amechimba hili?"

Vijana wakatazama chini.

"Fupi. Miguu yangu mngeiweka wapi?"

Wazee wakasema kaburi likishafunguliwa haliachwi tupu, likakatwa gogo la mgomba likalazwa humo, likafukiwa. Gosbert akasaidia kutupia udongo. Na chakula cha msiba hakirudishwi nyumbani, basi tukakaa tukala ubwabwa na mbuzi wa Nkwabi, marehemu akiwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mimi nilikunywa mchuzi tu.

Lakini kaka yangu ni yule yule. Aliponawa mikono akamwita Bibiana. "Umekuja na abiria wangapi uliowaokota njiani?"

"Hakuna, baba."

"Basi tulisema nini?"

Nikataka kumrushia bakuli. Bibiana hakubishana. Akatoa funguo mfukoni, akamnyooshea baba yake kwa mikono miwili. Watu wote wakaacha kutafuna.

Nkwabi akakohoa. Nkwabi huwa hasemi haraka. Akasema, "Mzee Gosbert, shikamoo."

"Marahaba."

"Sisi hapa leo tumefiwa. Tumekulilia. Kaburi lako lile pale, na gogo limo ndani. Mtu akishazikwa, mali yake inagawanywa. Sisi tumeshagawa. Basi lako tumempa binti, mbele ya watu wote hawa. Sasa wewe umefufuka, karibu sana, tumefurahi. Lakini unamnyang'anya mtoto urithi wake kwa sheria gani?"

"Nimetoa neno langu kwa mtu," Gosbert akasema.

"Ulilitoa ukiwa hai."

"Niko hai."

"Sasa hivi, ndiyo. Asubuhi ulikuwa umekufa."

Hakuna aliyecheka, nakuapia. Walikuwa wanamtazama, wazee kwa vijana, watu wa mpunga na watu wa ng'ombe, na kaka yangu akawatazama mmoja mmoja kwa lile jicho lake lililo wazi. Sijui aliona nini. Labda aliona kwamba watu hawa waliacha palizi, wakakatisha maji na matope kuja kumzika, na kwamba kabla hata ya kuuliza atazikwa saa ngapi walikuwa wameshaulizana nani atashika usukani. Akamwambia Venance arudi tu na pikipiki yake, hatamhitaji.

Wakati wa kurudi basi lilijaa mpaka mlangoni. Theodori alikuwa amejiwekea kiti kwa kofia. Bibiana alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva, funguo bado ziko mkononi, hajui aende upande gani. Gosbert akaja akitembea polepole, akisaidiwa na fimbo ya Nkwabi. Akafika pale aliposimama. Akampita. Akazunguka mbele ya basi, akapanda mlango wa abiria, akamwambia mama mmoja mwenye kuku asogee, akakaa dirishani.

"Mnangoja nini?" akasema. "Na zima hizo taa, wasije wakanililia tena."

Tukaondoka. Nilikaa nyuma yake ili nimwangalie. Kwanza alikuwa anakanyaga breki isiyokuwapo kila tukifika kwenye shimo, anakanyaga miguu ya kuku wa watu. Baadaye akaacha. Tulipokuwa tunakaribia Namawala akagonga kioo kwa kidole, akaniuliza, "Stefa, hili bwawa lenye maua lilikuwapo siku zote?"

"Siku zote."

"Sikuwahi kuliona." Akageuza shingo kulifuata mpaka likapotea. Alikuwa ameipita njia ile tangu ujana wake akitazama mbele tu.

Simu yake ikaita. Alikuwa Elineema, ambaye alikuwa amepata habari za msiba na hajapata za ufufuo. Gosbert akamwacha amalize pole zake zote. Kisha akasema, "Ahsante, ndugu yangu. Ni kweli. Yule uliyeelewana naye habari ya basi amefariki leo asubuhi. Tumeshafukia kaburi, mashahidi ni kijiji kizima. Kuhusu hilo basi, nisamehe sana, warithi hawauzi."

Kisha nikasikia Elineema akisema poleni sana na msiba, halafu akacheka, mtu mstaarabu kabisa yule.

Basi likayumba kidogo. Bibiana alikuwa amegeuka. Alikuwa anamtazama baba yake juu ya vichwa vya abiria, mdomo wazi, macho yamejaa, na mbele yetu kuna shimo ambalo hata mimi nalijua kwa jina.

"Dereva," kaka yangu akasema, "angalia njia."